Safari ya Mswada Kati ya Mabaraza Mawili: Utungaji wa Sheria Nchini Kongo Tangu 1960

Neno mswada liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo lina uhusiano na weusi: ni karatasi iliyokwisha kutiwa wino, maandishi ya kwanza ambayo bado yanangoja kusahihishwa. Wanafunzi wa fasihi wamelizoea kwa kazi ya mwandishi ambayo haijapigwa chapa. Katika mambo ya sheria maana haikwenda mbali. Mswada wa sheria ni maandishi yasiyo na nguvu juu ya mtu yeyote mpaka yapite mikononi mwa watu waliopewa mamlaka ya kuyageuza kuwa amri. Mitaani mwa Lubumbashi neno la Kifaransa hutangulia kufika kinywani, lakini jambo lenyewe ni lilelile: kati ya karatasi iliyoandikwa na sheria inayotii watu kuna njia, na katika nchi yenye mabaraza mawili njia hiyo hupita milango miwili.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini milango iwe miwili. Nchi nyingi za Afrika ziliona mmoja unatosha. Historia ya Kongo inafaa kutazamwa kwa swali hilo, kwa sababu nchi hii imejaribu namna zote: mabaraza mawili, baraza moja, na miaka mirefu ambayo sheria ilitoka katika ofisi ya mtu mmoja bila kupita mlango wowote.

Kabla ya 1960 hapakuwa na mswada wa Wakongo. Mkataba wa Kikoloni wa tarehe 18 Oktoba 1908 ulimpa mfalme wa Ubelgiji uwezo wa kutunga sheria za koloni kwa njia ya dekreti. Bunge la Brussels nalo lingeweza kutungia Kongo sheria, ila lilifanya hivyo kwa nadra. Dekreti ilipitishwa kwanza mbele ya Baraza la Kikoloni, lililokuwa na waziri wa makoloni kama mwenyekiti pamoja na washauri 14: wanane waliteuliwa na mfalme, watatu walichaguliwa na Seneti ya Ubelgiji, na watatu na Baraza la Wawakilishi la huko. Baraza hilo lilitoa maoni tu. Mfalme hakulazimika kuyafuata. Hivyo kwa zaidi ya nusu karne sheria za kodi, za kazi, za ardhi na za makazi ziliandikwa Ulaya, na waliotakiwa kuzitii walizijua siku ambayo msimamizi wa eneo alifika kuzitekeleza.

Mfano wa mabaraza mawili ulitoka huko huko. Katiba ya Ubelgiji ya 1831 iliweka Baraza la Wawakilishi na Seneti, na Seneti ya siku zile ilikuwa nyumba ya matajiri: mtu hakuweza kuwa seneta bila kutimiza miaka 40 na kulipa kodi ya moja kwa moja ya florini 1.000. Kazi yake ilikuwa kuzuia haraka ya baraza la chini. Kila mswada ulihitaji kukubaliwa na mabaraza yote mawili kwa maneno yaleyale, na mabaraza hayo yalikuwa na nguvu sawa. Usawa huo ulidumu Ubelgiji hadi marekebisho ya 1993. Wabelgiji walipoandika kwa haraka kubwa Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, wiki sita tu kabla ya uhuru, waliichukua nyumba yao wenyewe na kuijenga upya kando ya mto Kongo.

Hata hivyo Seneti ya Kongo haikuweza kuwa nyumba ya matajiri, maana ukoloni haukuacha matajiri wazalendo wa kuijaza. Ilifanywa kuwa nyumba ya majimbo. Kila jimbo kati ya majimbo sita lilipata maseneta 14, nao walichaguliwa na baraza la jimbo. Miongoni mwao watatu angalau walipaswa kuwa machifu wa kimila au wazee wenye heshima. Jumla ilikuwa maseneta 84. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na wajumbe 137, waliochaguliwa moja kwa moja Mei 1960, mjumbe mmoja kwa watu 100.000. Wanaume pekee ndio waliopiga kura. Kwa mujibu wa sheria hiyo uwezo wa kutunga sheria ulikuwa wa watatu kwa pamoja: Mkuu wa Nchi, Baraza la Wawakilishi, na Seneti, na kila mmoja wa hao watatu aliweza kuanzisha mswada.

Mantiki ya mpango huo ilieleweka. Katika baraza la chini, jimbo lenye watu wengi lingelishinda lenye watu wachache. Katika Seneti, Katanga, Kasai, Kivu, Equateur, Leopoldville na Jimbo la Mashariki yalikaa sawa. Mswada ulipaswa kuwapendeza watu kwa hesabu ya vichwa, kisha kuyapendeza majimbo kwa hesabu ya viti. Katika nchi ambayo vyama vingi vilikuwa vya kikabila au vya jimbo moja, jambo hilo halikuwa pambo.

Mabaraza yalianza kazi Juni 1960. Joseph Kasongo alichaguliwa kuongoza Baraza la Wawakilishi, na Joseph Iléo Seneti. Serikali ya Patrice Lumumba iliomba imani ya kila baraza peke yake: ikapata kura 74 katika la kwanza, tano tu zaidi ya nusu ya wajumbe wote, na 60 katika Seneti. Inashangaza kidogo kwamba nyumba iliyokusudiwa kuwa breki ndiyo iliyomkubali Lumumba kwa urahisi zaidi. Kisha mabaraza yote mawili yalikaa pamoja yakamchagua Joseph Kasa-Vubu kuwa Mkuu wa Nchi.

Sheria ya Msingi iliandikwa na watu waliokuwa na mfalme. Iliposema kwamba Mkuu wa Nchi humteua na kumwachisha Waziri Mkuu, Mbelgiji aliyesoma alielewa kwamba mfalme hutia sahihi jambo ambalo bunge limekwisha kuamua. Kasa-Vubu alisoma maneno kama yalivyoandikwa. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960 alitangaza kwa redio kwamba amemwachisha Lumumba, na akamtaja Iléo, yule yule rais wa Seneti, kuwa Waziri Mkuu mpya. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi lilifuta uamuzi huo pamoja na ule wa Lumumba wa kumwachisha Kasa-Vubu, kwa kura 60 dhidi ya 19. Tarehe 8 Septemba Seneti nayo ilimkatalia Mkuu wa Nchi kwa kura 41 dhidi ya 2, ingawa aliyefaidika na uamuzi huo alikuwa rais wake mwenyewe. Mabaraza mawili, moja baada ya jingine, yalitoa jibu lililo karibu moja. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alitangaza kuwaweka kando wanasiasa wote, na milango ya Bunge ikafungwa. Kwa nusu siku za wiki ile nyumba zote mbili zilifanya kazi ambayo katiba ilizitaka zifanye, na hazikuwa na askari hata mmoja wa kuitetea.

Bunge lilikusanywa tena Julai 1961 huko Lovanium, juu ya kilima cha chuo kikuu, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, na serikali ya Cyrille Adoula ikapata imani yake mwanzoni mwa Agosti. Kazi kubwa ya kutunga sheria iliyofuata ni ile ya 1962 ya kuyagawa majimbo sita kuwa madogo, hata yakafika 21. Hapo tabia ya nyumba ya majimbo ilionekana waziwazi: waliokaa kwa jina la jimbo ndio waliokuwa wakiyapasua majimbo, kwa sababu jimbo jipya lilikuwa na viti vipya, ofisi mpya na mawaziri wapya. Mnamo Septemba 1963 Kasa-Vubu aliyafunga mabaraza, na katiba mpya ikaandikwa na tume iliyokaa Luluabourg. Katiba hiyo ilikubaliwa kwa kura ya raia katikati ya 1964 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Iliyahifadhi mabaraza mawili. Hayakupata muda. Novemba 1965, baada ya wabunge kuikatalia imani serikali ya Évariste Kimba, mvutano kati ya Bunge na Mkuu wa Nchi ulifika mahali pasipo na mlango wa kutokea, na tarehe 24 mwezi huo jeshi likachukua utawala.

Tangu Machi 1966 sheria zilitoka kwa Rais kwa jina la ordonansi-sheria. Ile inayokumbukwa zaidi ni ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kama sheria ya Bakajika, iliyorudisha mikononi mwa taifa haki zote za ardhi, misitu na madini zilizotolewa na ukoloni kwa makampuni. Huenda ndiyo sheria muhimu kuliko zote katika historia ya uchumi wa nchi hii, nayo haikujadiliwa na baraza lolote. Wapo wanaosema kwamba ndiyo sababu ilifaulu. Ni hoja isiyofaa kudharauliwa: makampuni hayakupata wasaa wa kuzungumza na wabunge mmoja mmoja. Lakini kalamu iliyoandika sheria hiyo kwa siku moja ndiyo iliyoandika, kwa siku moja vilevile, amri nyingine ambazo hakuna aliyezitetea baadaye.

Katiba ya 1967 iliiondoa Seneti. Kwa zaidi ya miaka 35 nchi ilikuwa na baraza moja au haikuwa na lolote: Bunge la Taifa, Baraza la Kutunga Sheria la enzi ya chama kimoja, Baraza Kuu la Jamhuri katika miaka ya mpito, na mwishowe, kuanzia Agosti 2000, Bunge la Katiba na Sheria lenye wajumbe 300 walioteuliwa, ambalo kikao chake kiliwekwa Lubumbashi. Wakazi wa mji huo wanakumbuka magari ya waheshimiwa kuliko miswada yao. Hata hivyo miswada ilikuwapo: Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyofungua Katanga kwa makampuni mapya ya kigeni, ilipita katika zama hizo za baraza moja.

Mabaraza mawili yalirudi 2003, na hayakurudi kwa sababu ya nadharia. Makubaliano yaliyotiwa sahihi Pretoria Desemba 2002 yalipaswa kuwapatia viti waliokuwa wakipigana, na nyumba mbili zina viti vingi kuliko moja: 500 katika Bunge la Taifa na 120 katika Seneti. Seneti hiyo ya mpito, iliyoongozwa na Pierre Marini Bodho, ilipewa kazi ya kuandaa rasimu ya katiba. Si ajabu basi kwamba rasimu ilihifadhi Seneti. Kura ya raia ilifanywa Desemba 2005, na katiba ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ndiyo inayotawala safari ya mswada inayoelezwa hapa.

Katiba hiyo hutofautisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha kawaida huyaita kwa neno moja. Maandishi yanayotoka serikalini, baada ya kukubaliwa na Baraza la Mawaziri, kwa Kifaransa ni projet. Yanayotoka kwa mbunge au seneta ni proposition. Ingefaa la kwanza liitwe mswada na la pili pendekezo, na hivyo ndivyo maneno hayo yatakavyotumiwa. Tofauti si ya jina tu. Mswada wa serikali huwekwa katika ofisi ya baraza lolote kati ya mawili, ila ule wa bajeti, ambao lazima uanzie katika Bunge la Taifa. Pendekezo la mbunge hupelekwa kwanza serikalini, ambayo ina siku 15 za kutoa maoni yake. Siku hizo zikipita kimya, majadiliano huendelea bila kuyangoja. Serikali ikitaka, mswada wake huwekwa mbele ya mambo mengine katika orodha ya kazi, na mabaraza hayawezi kuikatalia. Kwa hiyo wote wana haki ya kuanzisha sheria, lakini serikali ina njia fupi.

Baada ya kupokewa, maandishi hutolewa kwa wajumbe, husikilizwa katika mjadala wa jumla, kisha hupelekwa katika kamati. Ni katika kamati kwamba kazi hufanywa: ibara husomwa moja moja, mawaziri huitwa kujieleza, marekebisho huandikwa. Ripoti ya kamati hurudi mbele ya baraza zima, ambapo kila ibara hupigiwa kura kabla ya kura ya mwisho juu ya maandishi yote. Baraza la pili huanza upya kutoka mwanzo. Lengo lililotajwa na ibara ya 135 ni mabaraza mawili kupitisha matini moja isiyotofautiana.

Matini zikitofautiana, ofisi za mabaraza mawili huunda kamati ya pamoja yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Kamati hii haifungui upya yale yaliyokwisha kukubaliwa. Hushughulika na ibara zinazobishaniwa tu. Ikipata maneno yanayofaa, huyapeleka katika mabaraza yote mawili. Ikishindwa, au mabaraza yakiyakataa, Bunge la Taifa huamua peke yake. Hapa ndipo katiba ya 2006 ilipoachana na mfano wa kale wa Ubelgiji. Katika ule, baraza moja lingeweza kuukalia mswada milele. Katika huu, Seneti ina uwezo wa kuchelewesha, kusahihisha na kulazimisha mazungumzo, lakini neno la mwisho liko kwa waliochaguliwa na raia moja kwa moja.

Sheria iliyopitishwa hupelekwa kwa Rais ndani ya siku sita. Rais ana siku 15 za kuomba ijadiliwe tena, yote au sehemu, na ombi hilo halikataliwi; lakini mabaraza yakiipitisha tena kwa wingi kamili wa wajumbe wao, kizuizi kimekwisha. Katika muda huohuo Rais, Waziri Mkuu, rais wa kila baraza, au sehemu moja ya kumi ya wabunge au ya maseneta, wanaweza kuipeleka mbele ya Mahakama ya Katiba. Siku zikipita bila Rais kuitangaza, katiba huihesabu kuwa imetangazwa. Kifungu hicho cha mwisho kinastahili kutazamwa na kila anayejua historia ya nchi: kimeandikwa na watu waliowahi kuona karatasi zikilala katika droo.

Namna mtambo huo unavyofanya kazi ilionekana wazi kuliko siku zote mnamo Januari 2015, katika muda wa siku tisa.

Serikali ilikuwa imeleta mswada wa kurekebisha sheria ya uchaguzi. Katika ibara ya 8 mlikuwa na fungu lililosema, kwa maneno ya kiofisi yasiyotisha, kwamba orodha ya wapiga kura itafuata mabadiliko ya idadi ya watu na kazi ya kuwatambua raia. Maana yake ilikuwa kwamba uchaguzi ungefungamana na hesabu ya watu. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa 1984. Nchi yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2,3, yenye barabara chache, haihesabiwi kwa mwaka mmoja. Muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unakwisha Desemba 2016, na katiba ilikataza kabisa kugusa idadi ya mihula. Wapinzani walisoma ibara ya 8 wakaona njia ya kuuongeza muhula bila kuitaja.

Bunge la Taifa, chini ya uongozi wa Aubin Minaku, liliupitisha mswada siku ya Jumamosi tarehe 17 Januari, wabunge wa upinzani wakiwa wamesusia. Wingi wa serikali humo ulikuwa imara. Kama nchi ingekuwa na baraza moja, jambo lingekuwa limekwisha jioni ile, na kilichobaki kingekuwa sahihi ya Rais.

Lakini mswada ulipaswa kuvuka ukumbi. Mabaraza yote mawili hukaa katika Jumba la Raia mjini Kinshasa, hivyo safari ni ya hatua chache. Ilichukua hata hivyo karibu wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Jumatatu tarehe 19 wanafunzi na vijana walitoka barabarani Kinshasa, kisha Goma na miji mingine. Polisi na askari walifyatua risasi. Intaneti ilikatwa. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa kati ya serikali na mashirika ya haki za binadamu, lakini hakuna aliyekana kwamba walikuwa makumi. Chuo Kikuu cha Kinshasa kilikuwa miongoni mwa mahali palipowaka kwanza, na wasomaji wa kurasa hizi wanajua maana ya chuo kuwa uwanja wa risasi.

Seneti iliongozwa na Léon Kengo wa Dondo, mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Mobutu zaidi ya mara moja, ambaye hakuna aliyemtazamia kuwa shujaa wa vijana. Maseneta waliijadili ibara ya 8 wakati moshi wa matairi ukiwa bado mjini. Ijumaa tarehe 23 waliupitisha mswada baada ya kulirekebisha fungu lile ili uchaguzi usingojee hesabu ya watu. Sasa palikuwa na matini mbili, na hapo kamati ya pamoja iliingia kazini. Kwa herufi ya katiba, Bunge la Taifa lingeweza kushikilia neno lake na kuishinda Seneti. Kwa hali ya mji, halikuweza. Jumapili tarehe 25 Januari matini isiyo na fungu lenye ubishi ilipitishwa, na Rais aliitangaza tarehe 12 Februari 2015 kuwa sheria namba 15/001.

Mwanahistoria hana ruhusa ya kulipamba tukio hilo. Maseneta wale walikuwa wamechaguliwa Januari 2007 kwa miaka mitano. Muhula wao ulikuwa umekwisha 2012. Walibaki vitini kwa sababu mabaraza ya majimbo hayakufanyiwa uchaguzi, na katiba inasema seneta hukaa hadi Seneti mpya iingie. Seneti mpya haikupatikana hadi 2019. Waliokataa muhula wa Rais kurefushwa kwa hila walikuwa wenyewe wakiishi katika muhula uliorefuka. Tena, uchaguzi wa Rais haukufanywa 2016. Ulifanywa tarehe 30 Desemba 2018, miaka miwili baadaye, kwa sababu nyingine na kwa njia nyingine, bila fungu lile kuhitajika. Anayetaka kusema kwamba Seneti ilizuia maovu atapata shida na tarehe hizo. Kilicho hakika ni kidogo zaidi: kuwapo kwa mlango wa pili kulileta siku sita kati ya kura ya kwanza na ya pili, na katika siku hizo watu wasio na kiti popote walisikika. Je, maseneta walisikiliza hoja au waliogopa barabara? Huenda swali lenyewe limekosewa. Baraza, kabla ya kuwa neno la serikali, lilikuwa kibaraza cha mawe mbele ya nyumba ya pwani, mahali ambapo mwenye nyumba huketi akiwa ameelekea njia, akisikia wapitao.

Kanuni mpya ya madini inatoa mfano wa aina nyingine, usio na moshi. Serikali iliwasilisha mswada wa kuirekebisha ile ya 2002 mwaka 2015. Kazi ilisimama, ikaanza tena. Bunge la Taifa liliupitisha Desemba 2017, Seneti ikaugusa Januari 2018, kamati ya pamoja ikaoanisha matini mbili, na sheria ikatangazwa tarehe 9 Machi 2018, siku mbili baada ya Rais kuwapokea wakuu wa makampuni makubwa waliokuja kupinga. Ushuru wa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3,5, na madini yatakayotajwa kuwa ya kimkakati yakawekewa asilimia 10. Ni kweli kwamba muda mrefu kati ya baraza na baraza ni muda pia wa makampuni kubisha hodi. Nyumba mbili ni vyumba viwili vya kungojea. Lakini safari hii makampuni yalibisha, na matini ikabaki karibu kama ilivyotoka. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tofauti kati ya 2 na 3,5 haiwi jambo la sarufi.

Limebaki jambo linalogusa moja kwa moja somo la Kiswahili. Safari ya mswada haiishii katika sahihi ya Rais wala katika Gazeti Rasmi. Ibara ya 142 ya katiba inasema kwamba sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imeagiza vingine. Kisha inaongeza kwamba katika kila hali serikali itahakikisha sheria inaenezwa kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba vinahesabiwa humo kwa usawa. Ni mlango wa tatu, na hauna baraza.

Gazeti Rasmi huchapishwa kwa Kifaransa. Wabunge hujadili hasa kwa Kifaransa, ingawa katika ujia wa Jumba la Raia Kilingala na Kiswahili husikika kuliko kingine chochote. Mchimbaji wa Kolwezi aliyefungwa na ibara ya Kanuni ya Madini, mama wa Kenya mwenye ubishi wa kiwanja, mwalimu wa Kalemie anayetaka kujua jina lake liandikwe vipi katika orodha ya wapiga kura, wote huambiwa kwamba kutoijua sheria si udhuru. Anayewaambia hivyo huwa ameisoma katika lugha ambayo wao hawakusomea vya kutosha.

Tatizo si utashi wa serikali peke yake. Kufasiri sheria si sawa na kufasiri tangazo la afya. Mfasiri wa Lubumbashi akitafuta neno la promulgation atapata kutangaza, ambalo ndilo pia atakalolipata kwa publication, na kwa annonce ya redio. Ilhali katiba inazitenga hatua mbili za kwanza na kuzihesabia siku zake mbalimbali. Amendement ni rekebisho au badiliko? Majorité absolue ni wingi kamili, au ni zaidi ya nusu? Tanzania ina msamiati wa Bunge uliokomaa tangu miaka ya sitini, lakini ulitengenezwa kwa bunge lenye baraza moja na kwa sheria za asili ya Kiingereza. Haumpi mfasiri wa Kongo jina la commission mixte paritaire, kwa sababu Dodoma haikuihitaji kamwe. Neno hilo litabidi litoke huku, na watakaolitoa si wanasheria peke yao. Mpaka hapo, sheria namba 15/001, ambayo watu walikufa kwa ajili ya fungu lake moja, inasomwa na wengi wa waliobaki kwa masimulizi ya waliosoma.